Kurembesha na Kutunza: Historia Fupi ya Bustani na Miti ya Jiji la Nairobi

Makala haya yanahusu bustani za umma na miti ya barabarani katika jiji la Nairobi. Huenda msomaji akashangaa kuona idara ya lugha ikijishughulisha na miti. Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu wa hapa Kampala huenda Nairobi mara kwa mara, na wengi hurudi na swali moja: mji wenye magari na makelele kiasi kile umewezaje kubakiwa na bustani kubwa katikati yake, tena juu ya ardhi yenye thamani ambayo kila tajiri anaitamani? Sababu ya pili ni ya lugha yenyewe. Mapambano juu ya ardhi hizo yameacha maneno katika Kiswahili cha Kenya, kama vile kamukunji, unyakuzi na Bunge la Mwananchi. Mwalimu anayeyafundisha maneno hayo bila kuvijua viwanja vilivyoyazaa anafundisha nusu ya maana.

Tuanze na vitenzi viwili. Wakuu wa jiji, wa zamani na wa sasa, hupenda kusema kwamba wanakwenda kurembesha mji. Kurembesha ni kazi ya siku ya sherehe: maua yanapandwa kwenye mizunguko ya barabara, mawe yanapakwa chokaa, picha zinapigwa. Kutunza ni kazi ya kila siku: kunyweshea, kupogoa, kufagia, kuondoa tawi bovu kabla halijamwangukia mtu. Kitenzi kutunza kina maana nyingine ambayo wanafunzi wetu huisahau, nayo ni kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji aliyekupendeza ngomani. Yaani anayetunza hutoa kitu mfukoni. Tukiisoma historia ya bustani za Nairobi kwa vitenzi hivi viwili, mambo mengi yanaeleweka.

Reli ya Uganda, ambayo tunaweza kuitaja kwa fahari kidogo ingawa haikufika Kampala hadi mwaka 1931, ilifika mahali pale mwezi Mei 1899. Jina la Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Sehemu ya chini ilikuwa tambarare yenye bwawa la mafunjo, na vilima vya kaskazini na magharibi vilikuwa na msitu. Mtawala wa Kiingereza wa eneo hilo, John Ainsworth, alihamisha makao yake kutoka Machakos akaja Nairobi, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kupanda mikaratusi iliyoletwa kutoka Australia. Haikupandwa kwa urembo tu. Mkaratusi hunywa maji mengi, na mji ulikuwa unazama katika tope. Miti ya mwanzo ya Nairobi basi ilipewa kazi kama vibarua.

Hata ile bustani ya miti iitwayo Arboretum, ambayo leo wanafunzi wa vyuo huenda kusomea chini ya vivuli vyake, ilianzishwa mwaka 1907 kwa sababu ya reli. Magarimoshi ya wakati ule yalichoma kuni, na misitu ya asili ilikuwa ikiliwa upesi. Idara ya misitu ikataka kujua ni miti gani ya kigeni inayokua haraka katika hali ya hewa ya Nairobi, ikaijaribu kwenye kiwanja cha hekta 30 hivi. Jaribio la kuni likawa bustani. Leo kuna aina zaidi ya 300 za miti pale, ya Afrika na ya nje, na tangu mwaka 1993 kuna chama cha marafiki wa bustani hiyo wanaoshirikiana na serikali kuitunza.

Bustani iliyokusudiwa watu tangu mwanzo ni ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akawa mfanyabiashara mkubwa wa pwani, akaipatia reli wafanyakazi na vyakula. Ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, na ndiye Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Ekari 5 katikati ya mji alizitoa ziwe mahali pa kupumzikia watu, na mwaka 1906 sanamu ya Malkia Victoria aliyoigharimia ikazinduliwa humo. Tunaweza kucheka kidogo: mtu aliyepigania haki za Wahindi mbele ya walowezi anaweka sanamu ya malkia wa walowezi hao. Lakini wakati ule ilikuwa njia ya kusema, sisi nasi ni raia wa himaya hii, mtupe haki yetu. Sanamu ilivunjwa kichwa na watu wasiojulikana mwaka 2015. Bustani ipo.

Ipo kwa sababu ilipiganiwa. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari na majengo ya biashara mahali pale. Mjukuu wa Jeevanjee, mwandishi Zarina Patel, aliongoza upinzani. Saini zilikusanywa, na wananchi waliokuwa wakila chakula chao cha mchana kwenye nyasi zile walijitokeza kusema hapana. Mpango ukaachwa. Mwaka 2007 ukajaribiwa tena kwa sura nyingine, ukaachwa tena.

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia. Mtu akitaka kusikia Kiswahili cha Nairobi kikifanya kazi yake, asiende darasani, aende Jeevanjee saa ya chakula cha mchana. Wahubiri wapo, wachekeshaji wapo, na wapo wale wanaojiita Bunge la Mwananchi, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakikutana chini ya miti kujadili siasa, bei ya unga na mwenendo wa viongozi. Hakuna kiingilio, hakuna spika aliyevaa joho. Mzungumzaji anaanza kwa Kiswahili sanifu, anashuka kwenye Sheng anapotaka kuchoma, kisha anarudi kwenye sanifu anapotaka kuheshimiwa. Sisi tunaofundisha matumizi ya lugha katika jamii tungeweza kukaa pale wiki nzima.

Turudi nyuma kidogo. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi, na miti iligawanywa vivyo hivyo. Upande wa magharibi, kwenye vilima na udongo mwekundu, walikaa Wazungu, na huko ndiko kulikokuwa na nyasi, maua na barabara zenye vivuli. Wahindi walikuwa Parklands na Ngara. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo na kupasuka jua likiwaka. City Park, ambayo ilitengwa kuwa bustani ya umma katika miaka ya 1920, iko Parklands. Ramani kuu ya mwaka 1948, iliyochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ilisisitiza nafasi za wazi na mitaa ya kijani, na mitaa michache ya Waafrika kama Kaloleni ilipata viwanja na miti. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, idara ya bustani ya jiji chini ya Peter Greensmith ilipanda mijakaranda na mibogenvilia kwenye barabara kuu, na ndipo Nairobi ilipopata sura ile inayoonekana katika kadi za posta. Kazi ilikuwa nzuri, hatukatai. Lakini ilikuwa zaidi kazi ya kurembesha, tena kurembesha upande mmoja.

Upande wa mashariki walikuwa na Kamukunji. Ukienda leo utaona uwanja usio na maua, karibu na soko la Gikomba. Hata hivyo hakuna bustani ya Nairobi iliyotajirisha lugha kuliko uwanja huo mkavu. Mikutano ya siasa iliyofanyika pale tangu enzi za kupigania uhuru ilikuwa mingi kiasi kwamba jina la mahali likawa jina la tendo. Leo Mkenya akisema wabunge wamefanya kamukunji, ana maana kwamba wamekutana kwa dharura kuzungumzia jambo lao, hata kama wamekutana ndani ya jengo lenye zulia. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu waliojaribu kukutana Kamukunji kudai vyama vingi walitawanywa na polisi. Kwa watu wa mashariki ya jiji, uwanja wa umma haukuwa mahali pa kutazama maua.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969. Ilikuwa na ukubwa wa hekta 12.9, na kwa maana moja ilikuwa jibu la mgawanyo ule wa zamani. Ilikaa mpakani mwa mji wa ofisi na kilima cha wakubwa, haikuwa na lango la kulipia, na mtu wa Kaloleni angeweza kuvuka mji Jumapili na watoto wake, wakapanda mashua kwenye kidimbwi na kupigwa picha. Wapiga picha wa Uhuru Park walikuwa taasisi kamili. Albamu nyingi za familia za Nairobi zina picha moja yenye nyasi zile.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama tawala cha KANU, kupitia kampuni ya gazeti lake, kilitaka kujenga ndani ya bustani hiyo jengo la ghorofa 60, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliandika barua kwa gazeti lenyewe, kwa ofisi ya Rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na hata kwa Balozi wa Uingereza kwa kuwa mshirika mmojawapo wa mradi alikuwa tajiri wa Kiingereza, Robert Maxwell. Bungeni alitukanwa. Ofisi za chama chake zilichukuliwa. Mahakama Kuu ilikataa ombi lake. Katika sherehe za Jamhuri za mwezi Desemba, zilizofanyika ndani ya Uhuru Park yenyewe, Rais alieleza kwamba mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mwaka 1990 wawekezaji wa nje walijitoa, mradi ukafa.

Watu wengi huikumbuka habari hii kama ushindi wa mtu mmoja shujaa, na alikuwa shujaa kweli. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Lakini tukizisoma hoja zake tunaona kwamba hakutetea uzuri wa maua. Alitetea mahali pa mtu asiye na bustani nyumbani kwake. Mjenzi wa jengo angeweza kuahidi maua mengi kuliko yaliyokuwapo. Hakuweza kuahidi kwamba mchuuzi wa karanga angeruhusiwa kulala kivulini.

Yaliyofuata yalionyesha umuhimu wa hoja hiyo. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika kona moja ya Uhuru Park, wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi. Baadhi ya akina mama wale wazee walivua nguo, tendo ambalo katika mila zao, kama katika mila nyingi za huku kwetu, ni laana nzito kwa vijana wanaowapiga. Wangari Maathai alilazwa hospitali. Akina mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani wakaendelea. Kona ile ikaitwa Freedom Corner. Lau lile jengo la ghorofa 60 lingalisimama, hapangekuwa na kona. Na tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa mbele ya umati katika bustani hiyohiyo.

Miaka ya 1990 ndiyo miaka ya neno unyakuzi. Kunyakua ni kitenzi cha zamani, tunamwona mwewe akinyakua kifaranga, lakini Kenya ilikipa kazi mpya: kigogo anapata hati miliki ya ardhi ya umma bila mtu kujua, kisha uzio unatokea usiku. Viwanja vya michezo, makaburi, vyoo vya umma, hata kingo za barabara zilinyakuliwa. City Park ilimegwa, ikabaki na hekta 60 hivi. Iliyobaki ina msitu wa asili wenye kima, na ina makaburi ya Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1965, na ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Chama cha marafiki kilichoundwa mwaka 1996 kilihangaika miaka mingi hadi bustani hiyo ikatambuliwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 2009. Huko Karura, msitu wa hekta zaidi ya 1,000 kaskazini mwa jiji, wapanda miti waliokwenda na Profesa Maathai mwezi Januari 1999 walipigwa na vijana waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u iliyotolewa mwaka 2004 iliweka wazi jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini kote.

Karura imekuwa mfano wa aina nyingine. Marafiki wa Msitu wa Karura, chama kilichoanzishwa mwaka 2009, walishirikiana na Huduma ya Misitu kuuzungushia msitu uzio, wakawaajiri vijana wa vijiji vya jirani kuwa walinzi, na mwaka 2011 ukafunguliwa kwa umma kwa kiingilio. Hapo kabla watu waliogopa kuingia. Wapo wanaosema kiingilio humfungia nje maskini, na hoja hiyo ni nzito. Sisi tunaona kwamba msitu wa hekta 1,000 si kiwanja cha katikati ya mji, na kipimo cha Karura hakifai kuhamishiwa Jeevanjee. Uzio unaoulinda msitu unaweza kuiua bustani.

Miti ya barabarani haina chama cha marafiki, na hilo ndilo tatizo lake. Mti wa kando ya barabara huishi maisha magumu. Mizizi yake inahitaji hewa na maji, lakini juu yake kuna lami na saruji. Wachimbaji wa mabomba na nyaya hukata mizizi upande mmoja, hawafukii vizuri, na mvua ya masika ikija na upepo mti huangukia upande wa pili. Mche mpya huhitaji kunyweshewa angalau misimu miwili ya kiangazi, na anayeupanda mbele ya kamera mara nyingi hayupo kiangazi kikifika. Zaidi ya hayo, miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja. Ule mstari mzuri wa mijakaranda unaochanua zambarau mwezi Oktoba ulipandwa na kizazi kimoja, na usipowekewa miche ya kurithi nafasi zake utaondoka na kizazi kimoja. Yote haya ni mambo ya bajeti ya kila mwaka, si ya sherehe.

Kisha zikaja barabara kuu mpya. Upanuzi wa barabara ya Thika kati ya mwaka 2009 na 2012 uliondoa miti mingi mikubwa. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye kilomita 27, ingemega kipande cha Uhuru Park. Wananchi walipiga kelele, wakiwa na kumbukumbu ya mwaka 1989 vichwani, na mchoro ukabadilishwa. Bustani iliyokuwa na wenyewe iliokoka. Miti ya kandokando ya barabara, isiyokuwa na wenyewe, ilikatwa kwa wingi, na ile migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo wanakotua ndege ambao sisi wa Kampala tunawaita kaloli ikabaki na majirani wa zege.

Uhuru Park yenyewe ilifungwa mwaka 2021 kwa ajili ya ukarabati. Hakuna aliyepinga ukarabati: vidimbwi vilikuwa vichafu, vyoo vibovu, nyasi zimekwisha. Lakini mwaka 2022 ulipita milango ikiwa bado imefungwa, na wapiga picha, wenye mashua na wachuuzi wakawa nje ya uzio wakitazama ndani. Tunayataja haya kwa sababu kurembesha kukizidi huweza kufanya kwa upole kile ambacho ghorofa 60 zilishindwa kukifanya kwa nguvu. Mfano wa kutia moyo uko jirani, kwenye Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Mwaka 2008 waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, alisafisha kipande cha ukingo kilichokuwa jaa, miti ikapandwa. Alipofariki mwaka 2012 taka zilirudi na mahali pakageuka gereji na maficho. Mwaka 2020 pakasafishwa tena na kupewa jina lake. Ardhi ileile, mto uleule. Kilichokuwa kimekosekana kati ya safari mbili hizo ni mfagiaji wa kila asubuhi.

Tumalizie na mti mmoja. Kwenye barabara ya Waiyaki, Westlands, ulisimama mgumo wa miaka ipatayo 100, mrefu kama nyumba ya ghorofa nne. Wakikuyu huuheshimu mgumo, ambao zamani ulikuwa mahali pa sala na dhabihu, na ni ndugu wa mutuba wetu unaotoa kitambaa cha gome. Ulikuwa kwenye njia ya barabara ya juu. Mipango ya kuung'oa na kuuhamisha ilipotangazwa, watu waliandamana chini yake, na mwezi Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri usiguswe, akauweka chini ya uangalizi wa wasimamizi wa jiji. Barabara ikapita kando yake, ikafunguliwa mwaka 2022. Mwanafunzi wetu anayeingia Nairobi kwa basi la kutoka Busia au Malaba hupita hapo kabla ya kufika katikati ya mji. Atauona upande wa barabara, mpana, umeinama kidogo, na magari yakipita juu usawa wa matawi.